Kaseti ya utani iliyojua kunyamaza (Mtwara, miaka ya sabini)

Mtu anajuaje anyamaze kwa muda gani kumsubiri mwenzake ambaye hayupo?

Swali hilo lilinikaa kichwani nikiwa binti wa miaka ishirini na ushee. Nilirudi nalo Chuo Kikuu, nikamaliza nalo digrii, na jibu sikuwa nalo.

Wakuu, za humu ndani. Mimi ni bibi wa watu sasa, nasoma nyuzi zenu zaidi ya kuandika. Ila juzi nimewaona mnavyotoana jasho kuhusu stand-up za zamani. Wengine mnasema zikirekodiwa zinachuja, ukizirudia baada ya miaka kumi unabaki unamwonea huruma mchekeshaji. Wengine mnasema kizuri hakichuji.

Naweka yangu mezani. Yalitokea kweli, na pale ambapo kumbukumbu inayumba nitawaambia inayumba. Sipendi stori zilizonyooka kama rula, hata zangu mwenyewe.

Ilikuwa kabla Msumbiji haijapata uhuru. Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu, Dar es Salaam, nimerudi nyumbani Mtwara likizo ndefu. Tulikaa Magomeni ya hapohapo Mtwara: mama yangu, mjomba wangu ambaye ni kaka yake mama, mimi, na Bibi, mama yao.

Bibi alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa msichana. Uso wake ulikuwa na chanjo zile za zamani, michoro ya kuchanjwa kwa wembe, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, ambayo alishaacha kuivaa. Alikuwa mwanamke wa kelele. Akiingia sokoni, soko linajua.

Sasa nikamkuta kimya.

Alikuwa ameanguka uani na kuvunjika mguu wa kushoto. Hospitali walimfunga plasta, mfupa ukaunga, plasta ikatolewa. Muuguzi akasema kilichobaki ni kazi ya mgonjwa mwenyewe: akae, asimame, atembee. Akiendelea kulala, mguu utasahau kazi yake na mgongo utatoka vidonda.

Bibi hakukaa. Kila tukijaribu kumwinua alikuwa anasema, "Niacheni, nimechoka," na kugeukia ukutani. Uji ulikuwa unapoa. Mama alikuwa anatoka chumbani akijifuta macho, anajifanya moshi wa jikoni.

Mimi, msomi wa sosholojia, nilikuwa na maelezo mengi sana kuhusu hali ile. Hakuna hata moja lililomkalisha Bibi.

Mjomba ndiye aliyesema, "Huyu anamhitaji Bi Somoe."

Kwa wasiotoka Kusini, nieleze kidogo. Kuna utani wa makabila. Mmakonde na Mmakua ni watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukunyang'anya kofia, hata kuja kwenye msiba wako na kujilaza kaburini mpaka watu wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Lakini una wajibu mmoja: ujibu.

Bi Somoe alikuwa Mmakua, mtani wa Bibi tangu wote wakiwa na meno yote. Aliishi kijijini, njia ya Kilambo, kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mkimchukua leo mkampa kipaza sauti, anajaza ukumbi. Niliwahi kumwona kwenye harusi akimsema bwana harusi mpaka shehe akajifunika uso kwa kanzu.

Tatizo ni kwamba mvua zilikuwa zimeanza, malori yalikuwa yanalala njiani, na yeye mwenyewe magoti yalishagoma. Kumleta mjini ilikuwa haiwezekani.

Hapo ndipo nilipoona nafasi ya akili yangu. Nilikuwa na rekoda ndogo ya kaseti, mali ya idara yetu chuoni, niliyopewa nikusanye simulizi za wazee. Nikasema, kama Bi Somoe haji, sauti yake itakuja.

Kusema kweli nilikuwa na sababu nyingine pia. Nilikuwa siamini kwamba utani una nguvu yoyote. Kwangu ulikuwa maneno tu, na maneno yanarekodika. Nilitaka kuona.

Nikapanda lori la mihogo, likakwama, nikamalizia kwa miguu.

Bi Somoe nilimkuta barazani anamenya korosho zilizochomwa, vidole vyeusi. Alivyoniona tu akasema, "Mke mwenza! Umekonda. Huko chuoni wanawalisha vitabu?"

Nikamweleza habari za mguu. Akaacha kumenya. Halafu nikamwonyesha rekoda, nikamweleza inavyofanya kazi.

Akaiangalia. "Na yeye atanijibuje?"

"Hatajibu, Bibi. Atasikiliza tu."

"Kwani mimi ni hotuba ya Ijumaa, nisikilizwe tu?"

Nikacheka, nikambembeleza, akakubali. Nikamwambia aongee mfululizo asisimame, maana nilikuwa na hofu ya betri. Akaongea. Wakuu, nilicheka mpaka nikatoka nje, nisiharibu rekodi.

Nikarudi Magomeni kama mtu aliyebeba dawa.

Tukakaa chumbani kwa Bibi, wote wanne. Nikabonyeza. Sauti ya Bi Somoe ikatoka: "Mmakonde! Nasikia umeanguka. Ulikuwa unakimbiza panya, au panya ndiye alikuwa anakukimbiza wewe?"

Bibi akafumbua macho. Wakuu, nakumbuka macho yale. Akafungua mdomo kujibu.

Kaseti ikaendelea.

Akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kaseti ikapita juu yake. Bi Somoe alikuwa ameshafika habari za miguu ya Kimakonde, kisha pombe ya Kimakonde, yaani anakata mbuga.

"Mwambie anyamaze!" Bibi akasema.

Mjomba akaruka kubonyeza stop. Akachelewa, maana alikuwa bado anacheka utani uliopita. Akairudisha nyuma, ikarudi mno. Akaipeleka mbele, ikapita mno. Kila Bibi akipata jibu, swali lilishakwenda. Mama akawa anamgombeza Mjomba, Mjomba anaigombeza rekoda, na Bi Somoe anawatukana wote bila kupumua.

Bibi akageukia ukutani.

"Huyo si mtani wangu," alisema. "Mtani wangu anasikia."

Siku zilizofuata alikuwa kimya zaidi ya mwanzo. Niseme tu kwamba nyumba ile haikuwa inanitazama vizuri, na muuguzi alipokuja akabonyeza mgongo wa Bibi kwa kidole, akamwangalia mama.

Nikarudi njia ya Kilambo. Safari hii nilikwenda bila nadharia.

Nilimsimulia Bi Somoe yote, nikategemea atasema "si nilikwambia". Hakusema. Aliuliza maswali ya ajabu. "Mguu upi?" Wa kushoto. "Kitanda kimeegemea ukuta upande gani?" Kushoto pia. "Kuna kamba ya kushika, au anashika mbao?" Mbao.

Halafu akasema, "Washa hicho kidude. Nikinyamaza, usikizime."

Nikampendekezea, kisayansi kabisa, kwamba tuweke nafasi zinazolingana, mimi nishike saa, nikimwonyesha kidole aendelee. Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia msikitini.

"Yeye anajibu kwa saa?"

Basi akaanza. Anatupa neno, ananyamaza. Anatupa lingine, ananyamaza. Akinyamaza alikuwa anajifunika mdomo kwa ncha ya kanga na kutazama pembeni, kwenye mikorosho. Nikadhani anazuia kicheko chake mwenyewe. Nafasi nyingine zilikuwa fupi kama kupiga chafya. Nyingine ndefu mpaka nikatamani kumgusa. Moja, karibu na mwisho, ilikuwa ndefu kupita kiasi, nikajua kwa hakika amesinzia. Hakuwa amesinzia.

Njiani kurudi nilisimamishwa na mgambo. Enzi zile ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na binti peke yake mwenye mtambo wa kunasa sauti alikuwa na mengi ya kueleza. Wakataka kusikia kilichomo. Nikabonyeza.

Mmoja wao, kijana wa Kimakonde, aliposikia habari ya panya akasahau bunduki. Akajibu papo hapo, "Panya wenyewe mnatuomba kitoweo!" Wenzake wakaangua kicheko. Halafu ikabaki kimya. Jibu lake lilikuwa fupi, nafasi ilikuwa ndefu. Akabaki anaiangalia rekoda kwa aibu, kama mtu aliyepiga makofi kabla hotuba haijaisha.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza kunikaa. Ile nafasi haikuwa ya mtu yeyote tu. Ilikuwa ya mtu fulani.

Magomeni, nikaiweka rekoda kwenye kigoda karibu na kichwa cha Bibi. Yeye alikuwa amegeukia ukutani. Mama alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mmakonde! Nasikia umeanguka. Ulikuwa unakimbiza panya, au panya ndiye alikuwa anakukimbiza wewe?"

Kimya. Kwenye kaseti kuku walisikika kwa mbali.

Bibi, bila kugeuka, akaliambia lile tofali la ukutani: "Nilikuwa namkimbia mumeo. Alikuja kuomba ugali, kwako hujui kupika."

Na alipomaliza neno "kupika", si kabla, si baadaye, Bi Somoe akasema, "Alaa! Kumbe mdomo haukuvunjika."

Mjomba alinishika mkono. Bibi akageuka.

"Basi usife mvua hii," kaseti ikasema. "Siji kulia kwenye matope. Nina kanga mpya."

"Kanga yenyewe uliiba kwangu!"

"Na ukifa nani atakuosha, na uso huo umechongwa kama mlango wa Mwarabu wa Mikindani?"

Hapo Bibi alijibu kwa urefu. Alisema mlango wa Mwarabu una thamani, watu wanatoka mbali kuja kuutazama, ila mlango wa Bi Somoe ni wa banda la mbuzi, hauna komeo, ndiyo maana kila kilichomo ndani kinatoka hovyo na kuchafua kijiji. Alipofika "kijiji" akakosa pumzi, na Bi Somoe akasubiri mpaka pumzi, nawaapia, kisha akasema, "Umemaliza? Haya."

Sauti zilikuwa kubwa sasa. Jirani yetu, karani mmoja mtu wa Bara aliyehamishiwa Mtwara karibuni, akabisha hodi kwa hasira ya heshima. "Jamani, samahani. Mgonjwa hatukanwi hivyo. Huyo mama ni nani? Atoke nje." Mjomba akamwonyesha rekoda. Yule bwana akavua miwani, akaivaa, akakaa chini. Hakuondoka mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa huu.

"Sasa sikiliza, Mmakonde," Bi Somoe alisema. "Mimi simtanii mtu aliyelala. Aliyelala namhesabu maiti, na vyombo vya maiti ni vya mtani. Nakuja kuvichukua. Naanza na kile chungu chako cha kupikia mbaazi."

Halafu ikaja ile nafasi ndefu.

Bibi alikipenda chungu kile kuliko wajukuu, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Akaanza kuhema. Akageuza bega. Akashika mbao za kitanda. Mama akakimbilia kumsaidia, Bibi akamfukuza kwa mkono. Mguu wa kulia ukateremka. Wa kushoto ukafuata polepole, uso wake umekunjamana. Akakwama hapo katikati, amepinda, nikadhani anarudi. Kaseti ikakaa kimya. Kuku, upepo, kimya.

Akakaa. Ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, jasho linamtiririka kwenye zile chanjo.

"Chungu changu usikiguse!"

Na Bi Somoe, kutoka kule njia ya Kilambo, siku mbili nyuma, akasema, "Haya. Nimekuona. Umekaa."

Mama alilia wazi, bila kusingizia moshi. Karani wa Bara naye alipiga makofi, kisha akaona haya.

Tangu hapo kaseti ilipigwa kila siku baada ya uji. Bibi alikuwa anajibu yaleyale, neno kwa neno, mpaka hata sisi tukayajua. Kwenye habari ya chungu, akiwahi kukaa kabla Bi Somoe hajasema "Haya", alikuwa anamzomea: "Umechelewa, Mmakua!" Baadaye akawa anajibu akiwa amesimama. Kiangazi kilipofika alipanda lori na fimbo yake, na mimi nikamsindikiza.

Bi Somoe, akiwa barazani, alimwona akija, anachechemea. Hakuinuka, magoti yake hayakuruhusu. Alisema tu, "Chungu umekileta?"

Bibi akamjibu kwa kumpokonya ungo wa korosho.

Nilimuuliza Bi Somoe siku ile, "Bibi, ulijuaje unyamaze muda gani?" Akacheka. "Mke mwenza, wewe umesoma, wewe niambie." Nikajaribu. Nikasema bahati. Nikasema mazoea. Nikasema labda Bibi ndiye aliyekuwa anajipima na kaseti, si kaseti kumpima yeye. Hili la mwisho nililiamini miaka mingi, maana lilikuwa na mantiki. Tatizo lake ni ile nafasi ndefu. Mtu anayeinuka na mguu mbovu hajipimi na kitu.

Wote wawili walishatangulia, Bi Somoe kwanza. Na kwenye msiba wake Bibi alikwenda kudai chungu cha marehemu, kwa haki yake ya utani, akakipata, akaondoka nacho kichwani huku watu wanamcheka na kumlilia mwenye chungu kwa pamoja.

Kaseti ninayo.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenu. Imechuja? Nimeipiga mara nyingi kwa miaka hii yote, mbele ya watu tofauti, na nimekuwa nawatazama nyuso.

Kuna utani mmoja humo kuhusu Mreno na ndege yake. Enzi zile watu walikuwa wanashika mbavu. Leo nikiupiga, vijana wananiuliza Mreno alifuata nini huku. Umekufa. Kuna mmoja wa foleni ya sukari. Ulikufa, ukafufuka miaka ya themanini, ukafa tena. Ule wa chanjo na mlango wa Mwarabu, mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniambia hauchekeshi, ni kumdhalilisha mtu kwa sura yake. Sikumbishia. Nilimwambia tu asubiri jibu, halafu nikamjibia mimi, ile ya banda la mbuzi. Akacheka ile ya jibu.

Maoni yangu, na mnaruhusiwa kuyapiga mawe: maneno yanachuja. Yote, yawe ya msomi au ya mtaani. Ile kaseti ya kwanza, ya mfululizo, ndiyo ilikuwa na vichekesho vikali zaidi, na leo haisikilizwi na mtu hata mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo. Ya pili bado inaishi kwa sababu ndani yake mna sehemu ya kukaa. Mchekeshaji aliyejaza kila sekunde alikuwa anawachekesha watu wa siku ile tu. Aliyeacha mahali, kila anayekuja anapata pa kuingilia, hata kama jibu lake ni fupi kama la yule mgambo.

Hayo ndiyo niliyojifunza. Wenye kaseti za wazee ndani ya makabati, zitoeni kabla ukungu haujazila, mje mtuambie zipi bado zinawachekesha na zipi mnazionea aibu. Watani wangu Wamakua mliomo humu, najua mnakuja, na majibu nimeshaandaa.

Lakini kabla hamjaanza kuandika kuna jambo moja, ambalo nimelijua mwaka jana tu.

Mjukuu wangu anafanya kazi za kurekodi muziki. Aliichukua kaseti aihamishie kwenye kompyuta, akaondoa ule mvumo ambao siku zote niliuita upepo. Akanivalisha hedifoni. "Bibi, sikiliza hizi sehemu za kimya. Kuna mtu anaongea. Hii ni lugha gani?"

Ilikuwa Kimakonde. Lugha ambayo Bi Somoe maisha yake yote aliapa hajui hata neno, kwamba ulimi wake ni msafi.

Ilikuwa yeye, ananong'ona nyuma ya ncha ya kanga. Baada ya swali la panya: nilikuwa namkimbia mumeo, alikuja kuomba ugali. Baada ya kanga: uliiba kwangu. Banda la mbuzi lote, mpaka "kijiji", na pumzi.

Na kwenye ile nafasi ndefu: "Polepole, mwenzangu. Bega kwanza. Shika mbao. Teremsha wa kulia. Sasa huu mbaya, taratibu, taratibu. Pumzika. Usirudi. Nipo. Tena kidogo. Haya, umekaa."

Kisha, akiiga sauti ya Bibi kabisa: "Chungu changu usikiguse."